Lango la Puyvalès na Gari Jipya la Shangazi Odile

Shangazi yangu Odile Cayrou ana mdomo mkali, goti bovu la kushoto, na gari la mkate. Mkate wenyewe anauoka mume wake, Fernand, huku bondeni Montrabel. Kazi ya shangazi ni kuupandisha. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anapanda Puyvalès kwanza, kisha Roquenègre, kisha anashuka upande wa pili wa mlima na kurudi nyumbani.

Vijiji hivyo vilijengwa juu ya majabali enzi za mapanga na mishale, na watu waliokuwa hawamwamini jirani yeyote, ndiyo maana kila kimoja kina ukuta, lango moja, na njia inayojikunja kama utumbo wa mbuzi. Maadui walishakufa zamani, lakini mkate bado ni lazima upande. Mimi naishi kwa shangazi kwa sababu shule yangu iko Montrabel, na Jumamosi nakaa kiti cha mbele nikishikilia kikapu cha keki ndogo kisiruke kwenye kona.

Njiani simwachi apumue. Namuuliza nani alijenga hiki, kwa nini dirisha lile limezibwa, yule mzee anaishi na nani. Ananijibu yote, na asichokijua anakitunga. Kijiji kizima anakijua kwa maganda ya mkate. Huyu anataka uliobabuka, yule mweupe, yule wa jana kwa ajili ya supu. Bibi Rouquette wa Puyvalès hataki kabisa kuuona mkate umelazwa kifudifudi, kitako juu, kwa kuwa zamani ndivyo waokaji walivyomwekea mnyongaji mkate wake. Ukiulaza hivyo mezani kwake, anaugeuza kwanza ndipo anakusalimu.

Mwezi wa pili gari letu la zamani, lile la kijivu, lilikata roho kwenye mteremko wa Roquenègre, na fundi alipoliona alivua kofia kama yuko mazikoni. Shangazi akatafuta jingine. Akalipata kwa muuza maua mmoja, jeupe, zuri, ila linanuka maua mpaka leo.

Kabla ya kulinunua alifanya alichokiona ni busara. Alipanda na ufagio hadi langoni Puyvalès, akapima upana chini kabisa, baina ya yale mawe mawili yaliyopandwa huku na huku ili magurudumu ya mikokoteni yasikwangue ukuta. Kila mtu anajua hapo ndipo pembamba, mikokoteni yote ya mababu ilikwama hapo. Akatia alama ya chaki kwenye mpini. Kwa muuza maua akaulaza ufagio kwenye gari, na nafasi ikabaki ya kiganja kila upande.

"Umeona?" aliniambia. "Wengine wangenunua kwanza, halafu wakalia."

Jumamosi ya kwanza tulipiga honi kwenye kona ya chini kama kawaida, tukakunja vioo vya pembeni, tukaingia langoni. Mawe ya chini tuliyapita vizuri. Kisha ukaja mlio kama wa kijiko kinachokwangua sufuria tupu, na gari likasimama.

Nilitoa kichwa dirishani. Ukuta wa kushoto ulikuwa na kitambi. Chini umenyooka, lakini kwenye usawa wa bega jiwe limejitokeza ndani taratibu, labda tangu karne nyingi, na hakuna aliyejali kwa kuwa gari la kijivu lilikuwa na mabega ya kuteremka, kama chupa. Hili jeupe lina mabega ya sanduku.

Watu walikuwa wamekwisha kusikia honi wakaja, kila mmoja na mfuko wake wa mkate. Wa kwanza alikuwa mzee Galtier, aliyefanya kazi ya barabara maisha yake yote.

"Odile, umetuletea mkate au umekuja kutuzibia mlango?"

"Ziba mdomo wako kwanza, Galtier, mlango utafuata."

"Mimi nilijua ukuta ule una kitambi," alisema Bibi Rouquette, ameegemea fimbo yake.

"Na hukusema?"

"Ungeniuliza? Nilikuona na ufagio, nikasema basi, mwenye ufagio anajua."

Walicheka mpaka wengine wakakohoa. Shangazi hakucheka. Alirudi nyuma, akaacha rangi nyeupe kwenye jiwe la watu, na siku hiyo akauza nje ya lango.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Puyvalès mkate huuzwa katikati ya kijiji, chini ya ukumbi wa soko, ule wenye paa na nguzo bila kuta. Watu wanachukua mkate wao na hawaondoki. Wanasimama, wananyofoa ncha ya mkate, wanatafuna na kusemana. Nje ya lango kuna upepo wa kukata masikio. Kila mtu alichukua wake, akatia mikono kwapani, akarudi ndani. Wasioweza mteremko hawakuja kabisa. Binti wa mzee Testud alijifungua mtoto Ijumaa, na nusu ya kijiji haikujua hadi Jumanne. Kwa Puyvalès hiyo ni kashfa.

Meya alikuja Jumamosi iliyofuata. Bwana Bastide si mtu mbaya. Ana ng'ombe wake kule chini, na huongea akitazama viatu.

"Bi Odile, sikufichi," alisema. "Kuna mashine siku hizi. Unaingiza kadi, mkate unatoka, saa yoyote. Baraza linakaa mwisho wa mwezi. Wazee wangu hawawezi kusimama kwenye upepo huu. Ukifika ukumbini kama zamani, mimi sina neno. Usipofika, nitaiomba."

"Na hiyo mashine itajua nani anataka uliobabuka?"

"Itakuwa na vitufe viwili."

Shangazi alifunga mlango wa gari kwa nguvu. Kwenye daraja la kwanza ndipo aliponigeukia.

"Puyvalès ikitoka, Roquenègre peke yake hailipi mafuta," alisema. "Basi nitakaa dukani nyuma ya kaunta, na Fernand nyuma yangu, kutwa. Tutauana kabla ya Krismasi."

Alisema kama mzaha, lakini mikono yake ilikuwa imeubana usukani. Mimi sijawahi kumwona akikaa nyuma ya kaunta zaidi ya muda wa kunywa kahawa. Anasema dukani watu wanakuja kununua, lakini juu wanakuja kumwona.

Alijaribu kubeba mwenyewe. Alhamisi, shule ikiwa imefungwa kwa likizo ya baridi nami nikiwa naye, alipandisha vikapu kutoka langoni hadi ukumbini, kimoja kimoja, kwenye mawe yanayoteleza, na goti lile. Mkate ulifika, watu walifurahi, ila tulipotokea Roquenègre saa ya chakula ilikuwa imepita. Unaweza kumchelewesha mtu wa Roquenègre kwa daktari, kwa harusi, hata kwa maziko. Kwa mkate wa mchana, hapana.

"Tumekula supu na biskuti!" alipiga kelele mwanamke mmoja kutoka dirishani. "Biskuti za mtoto, Odile!"

Fundi mawe Delmas, ambaye nyumba yake imeegemea lango, alitoa wazo lake kwa sauti ya chini. "Patasi yangu na asubuhi moja ya ukungu. Kitambi kinaisha, nani atajua?"

Lango lile ni la kale, limehifadhiwa kisheria. Hata taa huwezi kutundika bila ruhusa kutoka mjini. Lakini shangazi hakutaja ruhusa.

"Limewashinda Waingereza wa enzi za mishale na farasi wao," alisema. "Halitaondolewa nyama na muuza mkate. Liache."

Jumanne iliyofuata aliingia kanisani kupumzisha goti, nami nyuma yake. Pembeni, chini ya shuka, kulikuwa na machela ya Mtakatifu Vézian, yale wanayobebea sanamu yake siku ya sikukuu mwezi wa nane. Ni ubao mpana wenye mipini minne. Shangazi aliinua shuka, akautazama ule ubao kwa muda mrefu, akaupima kwa mikono miwili. Mkate wote wa Puyvalès ungeenea hapo, safari moja tu.

Alimpigia simu Padri Anselme, ambaye anatoka Benin na ana parokia kumi na kitu za kuzungukia.

"Mama, machela ni mbao," padri alisema. Nilimsikia vizuri kwa sababu anaongea kwa sauti ya mimbari. "Mimi sina shida na mbao. Lakini mipini ina wenyewe. Waulize wao, maana mimi walishanionya."

Kweli ina wenyewe. Mipini ya mbele ni ya nyumba ya Galtier na nyumba ya Testud, ya nyuma ni ya Delmas na Rouquette, tangu enzi ambazo hakuna azijuaye. Mgeni haruhusiwi kuishika, na wa bondeni kama sisi ni wageni hata tukija miaka thelathini. Delmas alikubali papo hapo. Galtier alisema bega lake halina kazi tangu alipostaafu. Bibi Rouquette ni mjane na hawezi kubeba hata paka, akasema atafikiri. Akabaki Testud.

Testud na Galtier hawajasemeshana tangu ulipokatwa mti mmoja, mjozi, mpakani mwa bustani zao. Mara moja kwa mwaka wanambeba mtakatifu bega kwa bega, kila mmoja akitazama upande wake.

Tulimkuta Testud akipasua kuni. Alimsikiliza shangazi hadi mwisho, kisha akachomoa shoka.

"Mara moja kwa mwaka kwa ajili ya Mtakatifu, sawa. Mara tatu kwa wiki na yule, kwa ajili ya mkate? Hapana, Odile. Si uliliingiza mwenyewe lile gari? Litoe mwenyewe."

Nilimtazama shangazi. Niliyangoja maneno yake, yale ya kuchoma, kwa sababu namjua. Badala yake alikaa kwenye gogo, akanyoosha goti.

"Nilipima vibaya," alisema. "Nilijiona mjanja na ufagio wangu, na nilikosea. Kosa si la ukuta wala la meya. Ni langu. Nimekuja kuomba, sikuja kugombana."

Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia shangazi akiomba kitu, hata chumvi mezani anaichukua mwenyewe. Testud naye nadhani alikuwa hajawahi, maana aliweka shoka chini.

"Ulipima wapi?"

"Chini. Kwenye mawe."

Testud akakwaruza kidevu. "Hata mimi ningepima pale."

"Kila mtu angepima pale."

"Galtier asingepima kabisa," alisema. "Angeingia tu."

Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu tukwame langoni. Testud hakucheka, lakini alisema, "Jumamosi. Ila asinisemeshe."

Jumamosi Bwana Bastide alikuwa chini ya ukumbi, mikono mfukoni, kabla hatujafika. Tulisimamisha gari nje ya lango. Bibi Rouquette alikuwa ameketi kwenye kiti alicholetewa hapo langoni, karibu na machela yaliyotandikwa kitambaa cheupe.

"Mpini wa nyuma kushoto ni wa nyumba yangu," alitangaza. "Nampa Odile."

"Haijawahi kutokea," alisema Delmas.

"Wala mkate kunuka maua haujawahi. Beba, wewe."

Tukapanga mikate, mirefu katikati, ile mikubwa ya mviringo pembeni. Wanne wakainama, wakanyanyua. Hatua ya tatu tu machela yakaanza kuyumba, kwa sababu wa mbele kila mmoja alikuwa na mwendo wake.

"Kushoto," alisema Galtier, kama anayejisemea.

"Kushoto ya nani?" alisema Testud.

"Ya mguu wako! Una mingapi?"

"Ya mguu wangu nimeanza nayo, wewe ndiye unayetambaa kama konokono!"

"Nisitambae nina mkate begani?"

"Kelele!" alisema shangazi kutoka nyuma, uso mwekundu. "Goti langu linawasikiliza nyinyi wawili na halielewi!"

Walipanda uchochoro wote wakigombana. Mkate mmoja wa mviringo ulianguka, ukabiringika hadi kwa mbwa wa Delmas, na hakuna aliyegeuka. Watu walitoka milangoni, wakafuata. Wazee ambao sikuwa nimewaona tangu gari la kijivu walikuwa wamesimama ukumbini, mifuko mkononi. Shangazi aliposhusha mpini wake, alishika nguzo kwa muda, akavuta pumzi, kisha akasema, "Haya, nani kwanza?"

Bwana Bastide alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika alichukua mkate wake, akanyofoa ncha, akatafuna.

"Haya yatadumu wiki ngapi, Bi Odile?"

"Sijui. Galtier na Testud ndio watakaoamua."

Aligeuka kuwatazama. Wale wawili walikuwa bado wanabishana mguu upi ulianza, na watu wamewazunguka, kila mmoja ana upande wake.

"Ulifika ukumbini," alisema meya. "Mimi nilisema sina neno. Sina neno."

Shangazi aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa amekwisha kushika kikapu kitupu, akinihimiza kwa nyusi. Tuliteremka kwa haraka kadiri goti lilivyoruhusu, tukawasha gari, tukapanda Roquenègre. Kengele ya mchana ilikuwa haijapigwa. Mwanamke yule wa biskuti alifungua dirisha, akautazama mkate, akamtazama shangazi aliyekuwa amelowa jasho.

"Leo umewahi," alisema, akashuka na mfuko wake.