Kabati la Jasho la Yeom Taek-su

Watu wa Hyangnam wakimtaja Yeom Taek-su husema, "Ah, yule mlamba karatasi." Nikiwasikia hukasirika, na mimi nikikasirika sina breki. Mlamba karatasi! Angekuwa mkeo anayekabwa na kidonge mbele ya bakuli la wali, wewe ungelamba nini?

Jina langu Tak Mi-ja. Mwaka wa kumi na saba huu naosha vyombo vya maabara katika kiwanda kimoja cha dawa hapa Hyangnam. Kiwanda gani, usiniulize, bado nakula mkate wao. Mwosha vyombo huona mengi kwa sababu hakuna anayenyamaza akipita.

Yeom alitoka pwani ya kusini, mtoto wa wakulima wa mwani. Alikuja hapa kijana wa miaka ishirini na mbili, wakamweka kwenye mashine ya kugonga vidonge, mashine ikamla sikio la kushoto kwa kelele zake. Chuo kikuu hakukiona. Lakini mikono yake, jamani! Alikuwa akichota unga wa dawa, anausugua kati ya vidole ndani ya glavu, anasema, "Huu bado una maji." Wasomi wanacheka, wanaupeleka kwenye kipimo, kipimo kinasema bado una maji. Mwisho wakamhamishia kitengo cha kubuni dawa, wakawa wanamwita Fundi. Wengine kwa heshima, wengine kwa dharau.

Mkewe sote tulimwita Mama Nari, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. Alikuwa rafiki yangu. Kila Novemba tulitia kimchi pamoja, ile kabichi ya pilipili ya akiba ya baridi, yeye na mimi na beseni zetu, tukiwasengenya watu mpaka kabichi ziishe. Alipofika miaka hamsini na moja mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Ni ule ugonjwa wa kutetemeka unaokaza mwili kidogo kidogo. Dawa ipo, na akiinywa anatembea, anacheka, anamtukana mumewe vizuri kabisa. Asipoinywa anaganda kama mlango uliofura kwa mvua. Tabu ni kwamba ugonjwa ulishuka hadi kooni, kidonge kikawa hakipiti. Waliponda, kikamkwama. Walichanganya na uji, akapaliwa mpaka midomo ikawa ya bluu. Walijaribu bandiko la ngozini, ngozi ikababuka. Daktari akamwambia Yeom waziwazi kwamba chakula kikiendelea kuingia njia ya hewa, mapafu yataoza. Hakumwambia lini.

Hapo ndipo Yeom alipokwenda kwa Mkurugenzi Guk, mkuu wa kitengo, kuomba atengeneze ile dawa kwa umbo la kijikaratasi. Unakiweka juu ya ulimi, kinayeyuka chenyewe, hutafuni wala hunywi maji. Guk si mtu mbaya. Alikubali.

Ikaanza kazi ya miaka miwili. Vijikaratasi vya kwanza vilijikunja, vikaja vinavyonata kwenye meno, na kimoja kilikuwa na ladha ambayo Yeom mwenyewe alisema ni ya soksi. Vile vitupu, visivyo na dawa, alivijaribu kwenye ulimi wake, saa mkononi, akihesabu sekunde. Mchana tukila, yeye hasikii tena chumvi wala pilipili.

"Kaka Yeom," nilimwambia siku moja, "ulimi wako ukiisha utamwambiaje mkeo unampenda?"

"Sijawahi kumwambia nao ukiwepo," akajibu, akaweka kingine mdomoni.

Mchanganyo wa arobaini na tatu ulikubali. Sekunde kumi na nane, ukaisha juu ya ulimi bila hata alama. Yeom alikwenda chooni akakaa huko muda mrefu, akarudi na macho mekundu.

Lakini dawa haiwekwi mdomoni mwa mgonjwa siku hiyohiyo. Lazima kwanza ikae miezi sita ndani ya kabati tunaloliita kabati la jasho, kwenye joto la arobaini na unyevu wa sabini na tano, mchana na usiku, waone kama itaharibika. Ikitoka salama, hospitali inaanza kuwajaribia wagonjwa. Daktari alikuwa tayari ameandika jina la Mama Nari kwenye orodha, nambari nne. Vijikaratasi vikaingia kabatini mwezi wa Mei. Na lile kabati lilikuwa kuukuu, pampu yake ya maji ikafa kiangazi hicho, fundi wa pampu akangojewa asije. Kwa hiyo kila asubuhi Yeom alilijaza maji kwa jagi. Mlango wa chumba ulifunguka kwa alama ya kidole chake na cha Guk tu.

Mwezi wa Oktoba, zikiwa zimebaki siku kumi na tisa, baba yake Guk akafariki huko Yeosu, mwendo wa saa nne kwa basi.

Kwetu mkuu akifiwa, kitengo kizima kinakwenda. Siku tatu mnakaa kwenye jumba la msiba, wanawake wanapakua supu, wanaume wanapanga viatu vya wageni, na siku ya tatu wanaume sita wanavaa glavu nyeupe wanabeba jeneza. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna anayeivunja. Basi la kiwanda lilikuwa linatungoja nje. Nilimkuta Yeom koridoni na jagi lake mkononi.

"Dada Tak, maji ya leo nimetia. Yanafika kesho asubuhi tu. Nadhani nimwombe mkuu nibaki."

Na mimi, mdomo wangu huu, nikamwambia, "Mwenzio kafiwa na baba, wewe unampelekea habari za maji? Watu watasema nini? Twende, kesho asubuhi utapanda treni ya kwanza urudi."

Alimpigia mkewe. Mama Nari, kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito, alimwambia, "Nenda wewe. Baba wa mtu hafi mara mbili."

Tukaenda. Jioni ile ile ami yake Guk alipita akigawa glavu. Ukimtoa mkuu, kitengo chetu kina wanaume sita hasa, wala si saba. Akampa Yeom jozi ya sita, akamshika bega, akamwambia, "Asante, mwanangu. Marehemu atapumzika vizuri." Asubuhi Yeom hakupanda treni. Aliendelea kubeba sinia za supu nyekundu, anainama kwa wageni, anasema pole.

Saa nane mchana simu yake ilitikisika mfukoni. Niliona uso wake ukibadilika. Akanionyesha chini ya meza. Kabati lilikuwa limetuma ujumbe, unyevu umeshuka hadi arobaini.

"Nenda!" nikamwambia. "Ondoka sasa hivi, nitasema unaumwa tumbo."

Akazitazama zile glavu. "Watabaki watano, dada."

"Na wawe watano!"

"Jeneza la watu watano linakwenda upande," akasema. "Mbele ya mama yake mkuu? Siwezi."

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumwendea Guk mwenyewe pale alipokuwa amesimama na nguo za msiba, nimwambie mbele ya watu wote. Sikwenda. Niliona haya. Nikachukua sinia nikaendelea kupakua, na aibu yangu hiyo nitakwenda nayo kaburini.

Siku ya tatu wakabeba jeneza, likaenda sawa kabisa, kila mtu akasifu. Alasiri tukafika Hyangnam. Yeom alikimbia kutoka kwenye basi na suti yake nyeusi. Nilipomfikia alikuwa amesimama mbele ya kabati lililo wazi. Kipimo kilisoma kumi na nane. Vijikaratasi vilikuwa vimekauka kama maganda ya vitunguu, akikigusa kimoja kinapasuka.

Guk alirudi kazini baada ya wiki, akaambiwa. Alimwita Yeom kwenye chumba cha kuoshea, mlango ukabaki wazi, nami niko kwenye sinki.

"Fundi," Guk akasema, "vile vilivyokuwa chini kabisa havikupasuka. Tuandike kipimo ndicho kilichoharibika. Zimebaki siku chache. Mimi nitatia sahihi. Ni kwa ajili ya baba yangu ulikuwa huko, niache nikulipe."

Mimi nilikuwa naomba moyoni, mwambie ndiyo, mwambie ndiyo, mpumbavu wewe.

"Mkuu," akasema, "sijui kama vilipasuka kwa ukavu au mchanganyo wangu una kasoro. Nikidanganya hapa, nitakuwa namwekea mke wangu ulimini kitu nisichokijua. Na wale wengine walioko kwenye orodha wana wake zao na waume zao."

"Kuanza upya ni miezi sita, Fundi."

"Najua kuhesabu."

Akaandika ukweli wote kwenye daftari, akaweka na jina lake kwamba zamu ya maji ilikuwa yake. Guk alilia. Wiki ileile pampu mpya ikaletwa, ikafungwa kwa nusu saa. Nusu saa! Niliposikia hivyo nilivunja chupa mbili kwa makusudi, na wakinikata mshahara na wanikate.

Novemba tulitia kimchi kama kawaida, ila Mama Nari alikaa kitini, mimi ndiye niliyepaka pilipili. Yeom alikuwa ameshamwambia.

"Kwa hiyo mpaka Mei," akasema Mama Nari polepole, maneno yakiteleza. "Ngojangoja huumiza matumbo."

"Dada, nisamehe. Ni mimi niliyemwambia twende."

"Hata mimi nilimwambia aende." Akaokota jani la kabichi lililomwangukia mapajani. "Mi-ja, usimwambie yeye, lakini naogopa. Usiku nikimeza mate tu naogopa."

Nikaendelea kupaka pilipili, machozi yakiniingia mdomoni.

Mwezi wa Machi uji ulimwingia Mama Nari njia ya hewa. Mapafu yakawaka. Siku nne hospitali, siku ya tano akafa, vijikaratasi vipya vikiwa vimeingia mwezi wao wa tano kabatini, vizima, laini, havina kasoro hata moja. Mchanganyo haukuwa na makosa tangu mwanzo. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mjukuu huyu mimi sitaki kumpakata.

Kitengo kizima tukaenda msibani. Guk alitangulia. Yeom alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha mfiwa kimefungwa mkononi, binti yake Nari kando yake. Tuliinama. Naye akainama, kisha akainua uso, akatuhesabu mmoja mmoja kwa macho.

"Nani yuko kwenye kabati?" akauliza.

"Hakuna," Guk akajibu taratibu. "Fundi, sasa kuna pampu. Linajijaza lenyewe."

"Rudini."

"Fundi, tafadhali. Nani atabeba jeneza? Niache nimbebe mimi, nakuomba."

"Wapo shemeji zangu. Wapo wawili, na mimi wa tatu, wengine tutawaokota barabarani. Rudini kazini, mkuu." Hakupaza sauti. Guk alipiga magoti pale pale mlangoni, wageni wakitazama, na Yeom hakumwinua wala hakumfukuza. Alingoja tu mpaka ainuke mwenyewe.

Nikajibanza nyuma nikidhani mimi sihusiki. Mimi ni mwosha vyombo, ni rafiki wa marehemu.

"Na wewe, dada Tak."

"Kaka, niache nimpakulie supu ya mwisho. Niache hata nimwone."

"Ile alama ya kidole waliyokuchukua juzi ni ya mlango ule, niliomba mimi," akasema. "Nenda."

Tulipanda basi tukarudi, watu wanane. Niliweka kidole, mlango ukafunguka. Tangi lilikuwa limejaa hadi juu. Kipimo kilisoma sabini na tano. Nilitafuta kazi ya kufanya mle ndani sikuiona, nikasimama na koti langu jeupe, nikiitazama ile namba isiyosogea, mpaka saa waliyosema watamtoa Mama Nari ikapita.