Kadi Mpya na Kidevu cha Baba Apondi

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Nilikuwa na kompyuta moja na printa katika chumba cha kukodi mjini Kisumu, nikichapa barua na vijitabu vya mazishi. Kwetu kijitabu hicho hutunzwa miaka mingi, na picha ya mbele ndiyo hutazamwa kwanza.

Mama Apondi alikuwa ametoka Kombewa na picha pekee ya marehemu mumewe, imepasuka kutoka jichoni hadi kidevuni. Mwili ungetolewa mochari Ijumaa. Jumatatu na Jumanne niliuziba ule mpasuko kwenye kompyuta, doa baada ya doa. Kisha, kwa tamaa ya kuona rangi vizuri zaidi, nikafunga kadi mpya ya grafiki, ile inayoleta picha kwenye skrini. Boksi lake nilikuwa nimelisoma neno kwa neno. Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, sikuiangalia.

Mashine ikazima, ikawaka, ikazima tena. Nikalazimisha. Ikatoa harufu ya kuungua.

Niliibeba hadi kwa jirani yangu Mzee Harjit, fundi wa redio. Mama Apondi, aliyekuwa amekuja kuangalia kazi, akanifuata. Mzee alipangusa kwa kidole gumba kibandiko cha pawa saplai, palipoandikwa wati inazoweza kutoa.

"Wewe bwana, hii ulisoma?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa miwani ni ya nini? Urembo?"

Mama Apondi akacheka kidogo, kisha akauliza, "Na Baba Apondi bado yuko humo ndani?"

Nilitaka kumwambia asijali. Nikasema, "Sijui, Mama. Kosa ni langu."

Mzee akafunga pawa saplai nyingine, nzito zaidi. Niliponyoosha mkono kuichukua kadi mpya, akaushika. "Leo si siku ya majaribio. Printa inahitaji hii kadi?"

Haikuihitaji. Kadi ilikuwa ya skrini tu. Karatasi ingetoka vilevile. Tukarudisha ya zamani.

Kazi ya siku ya kwanza ilikuwepo. Ya siku ya pili ilikuwa imepotea kwa kule kuzima na kuwaka. Jicho lilikuwa zima, kidevu bado. Mama Apondi akavuta kiti karibu nami. "Hapa alikuwa na kashimo," akasema, akigusa kidevu chake mwenyewe. Mpasuko ulikuwa umekaficha. Mimi peke yangu nisingekajua.

Nikamalizia kidevu pamoja na kashimo kake. Karatasi ilipotoka, Mama Apondi aliishika kwa mikono miwili. "Sasa ni yeye. Erokamano, wuoda." Aliniita mwanawe na kunishukuru, siku ile niliyokaribia kumpotezea mumewe mara ya pili.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kununua kadi, jiulize kazi yako inataka nini. Soma kibandiko cha pawa saplai, jumlisha wati za kila kifaa, uache nafasi ya kutosha. Kabla ya kugusa skrubu, weka nakala ya kazi ya watu mahali pengine. Na ukikosea, mwambie mwenye kazi ukweli, kisha umpe kiti akae karibu.

Mungu akupe mikono mitulivu, na watu wa kukaa nawe unaporekebisha.