Chumvi ya Mheshimiwa

Kwa miaka kumi na tisa Mama Birika aliingia katika ukumbi wa baraza kwa ishara moja tu. Mwenyekiti akigonga bilauri yake ya maji kwa kalamu, ngo, ngo, yeye husukuma mlango kwa kiwiko na kuingia na sinia. Alijua nani hanywi sukari kwa sababu ya ugonjwa, na nani husema hanywi kisha akatia vijiko vitatu wenzake wakigeuka. Alijua pia kwamba waheshimiwa madiwani, watu wazima wenye wajukuu, hugombea yai la mwisho la kuchemsha kwa macho kabla hawajaligombea kwa mikono.

Jina lake lilibaki kwenye faili la utumishi. Ofisi nzima ilimwita Mama Birika, naye aliitika bila kinyongo, maana alikuwa na fahari yake ndogo ya siri. Mabishano yalipochacha ukumbini, bilauri iligongwa, yeye akaingia, na hali ikatulia.

"Bila wewe, mama, hapa tungekuwa tunashikana mashati," mwenyekiti alizoea kumwambia.

Maneno hayo aliyabeba hadi nyumbani, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, imepigwa plasta mbele tu, kwa kuwa mumewe alifariki kabla hajafika ukuta wa nyuma. Aliishi humo na wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwenye ulimi unaoweza kumenya viazi. Mwaka uliotangulia jirani wa kushoto alikuwa ameuza kiwanja chake, pakafunguliwa gereji. Tangu siku hiyo mfereji uliokuwa ukipitisha maji ya mvua ulipitisha oili chafu, nyeusi, nzito kama uji ulioungua. Mashuka yaliyoanikwa asubuhi yalianuliwa jioni yakinuka petroli. Hata maji ya kunywa yaliyofunikwa mezani yalikuwa na ladha ya chuma.

Wakalalamika. Jibu lilikuja kwa karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme: baraza linakusudia kubadili matumizi ya ardhi ya mtaa huo kutoka makazi kuwa biashara. Chini, kwa herufi za kuchungulia, iliandikwa kwamba kila mwenye kiwanja atatakiwa kujenga maduka ya ghorofa ndani ya miaka miwili, au ampishe mwenye uwezo.

"Ampishe!" wifi alisoma kwa sauti. "Neno tamu hilo. Utadhani tumekalia kiti cha basi."

"Bado halijapita, wifi. Lazima lijadiliwe vikao viwili. Cha kwanza kupitisha, cha pili kuthibitisha."

"Na nani atatusemea?"

"Si yupo Mwanetu?"

Mwanetu ndilo jina walilompa diwani wao. Alikulia nyumba ya tatu kutoka hapo. Mama Birika alikuwa akimfunga kamba za viatu asubuhi mama yake alipokuwa zamu ya hospitali. Wakati wa kampeni alipita mlango kwa mlango akisema hana makao makuu, makao yake makuu ni vibaraza vyao. Jioni ile walipomwita, alisimama kando ya mfereji, akakunja pua, akaweka mkono kifuani.

"Mama zangu, hapa pananuka dhambi," alisema. "Nitasimama mle ndani hadi sauti inikauke."

Wifi alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona. "Viatu vyake vinang'aa sana kwa mtu anayetoka mtaa huu," akasema.

Siku ya kikao cha kwanza Mama Birika alichemsha mayai arobaini. Kutoka jikoni, mlango ukiwa wazi kidogo, alisikia kila kitu. Afisa ardhi alisoma pendekezo kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dawa. Diwani mmoja akauliza wenyeji watakwenda wapi. Mwingine akaguna. Kisha ikasikika sauti ya Mwanetu: "Mheshimiwa mwenyekiti, mtaa huu mimi naujua..."

Ngo, ngo.

Kiwiko kilisukuma mlango chenyewe, bila kumuuliza mwenye kiwiko. Aliingia na sinia, akagawa chai, akagawa mkate, akagawa mayai, na ukumbi ukatulia kama ulivyotulia siku zote. Kilichobaki ni sauti ya kutafuna. Ndipo mwenyekiti, ambaye hakuwa amegusa kitu, aliposema haraka haraka: "Wanaoafiki?"

"Mmmh," vinywa vilivyojaa vilijibu.

"Wasioafiki?"

Mwanetu alikuwa na nusu ya yai shavuni. Akainua mkono. Mama Birika aliuona vizuri, maana alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Mheshimiwa anaomba chumvi," mwenyekiti alisema. "Mama Birika, hebu msaidie."

Naye akamsaidia. Kazi ya miaka kumi na tisa haingoji akili. Akachukua kichupa cha chumvi, akakiweka mbele ya Mwanetu. Mwanetu akakitazama, akamtazama yeye, kisha akaushusha mkono ulioinuliwa, akakishika kichupa, akanyunyiza chumvi kwenye nusu ya yai iliyobaki.

"Limepita," mwenyekiti akasema.

Alikuwa akiosha vikombe aliposikia sauti ya mwenyekiti koridoni, akicheka na afisa ardhi. "Hoja ngumu dawa yake ni yai, bwana. Mtu hawezi kutafuna na kupinga kwa wakati mmoja. Nimepitishia hapo kuuzwa kwa kiwanja cha michezo, nimepitishia hapo kuuzwa kwa eneo la zahanati."

Mama Birika alibaki na mikono ndani ya maji. Alikumbuka siku ya kiwanja cha michezo: alipika mayai. Siku ya zahanati alipika mayai, na mwenyekiti akamsifu kwamba yameiva sawasawa. Alitazama maganda kwenye ndoo, viini vilivyokanyagwa, vipande vya mkate vyenye alama za meno, na harufu ya yai ikampanda puani. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa kizibo.

"Ulikuwepo?" wifi alimuuliza jioni.

"Nilikuwepo."

"Mwanetu alisema nini?"

"Aliinua mkono."

"Na wewe?"

"Nilimpa chumvi."

Wifi aliinuka, akaenda kuanua mashuka.

Wiki mbili hadi kikao cha kuthibitisha, Mama Birika hakulala vizuri, lakini alikuwa na jambo la kushikilia. Kama yai ndilo lililoziba mdomo wa Mwanetu, basi yai likiondolewa mdomo utafunguka. Hesabu hiyo ilimtosha. Aliwaambia majirani waje wakae kwenye benchi la wananchi, nyuma ya ukumbi. Walikuja tisa, wifi akiwa mbele, amefunga mkono wa mkoba kiganjani kama anayekwenda vitani.

Hoja ilipofika, Mwanetu alisimama na kukohoa. Mwenyekiti akagonga. Ngo, ngo.

Mama Birika aliingia na sinia. Juu yake palikuwa na kichupa kimoja tu, cha chumvi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mwanetu, akakiweka mbele yake.

"Chai iko wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Chai baadaye, mheshimiwa. Kwanza mwanangu amalize kusema."

Mhudumu hakuwa na ruhusa ya kusema humo, na kila mtu alilijua hilo, yeye wa kwanza. Lakini hakuondoka. Alisimama na sinia tupu tumboni, akimtazama yule mtoto wa kamba za viatu.

"Sema, Mwanetu," wifi akaitikia kutoka nyuma. "Leo kinywa ni kitupu."

Mwanetu aliwatazama wale tisa. Alikitazama kichupa. Alilamba midomo, na kwa kitambo Mama Birika alihisi moyo wake ukipanda.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Mwanetu alisema, kwa sauti safi, isiyokauka hata kidogo, "kama mwakilishi wa mtaa huo, na kwa ajili ya maendeleo, naafiki."

Akaketi. Akakisogeza kichupa pembeni kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa mdudu.

Wengine waliafiki mmoja mmoja, wakitamka kila herufi. Hapakuwa na cha kuwaziba. Mama Birika alisikiliza ndiyo zote kumi na nne, na kila moja ilimwingia kama ile oili inavyoingia kwenye mfereji, polepole, ikishika kingo. Miaka yote hii alidhani chakula ndicho kilichozuia maneno. Kumbe chakula kilikuwa kinawasitiri tu, wasionekane kwamba ndani hamna neno.

"Limethibitishwa," mwenyekiti alisema. "Sasa, mama, hata chai hatustahili?"

Madiwani wakacheka. Mwanetu naye akacheka, kidogo, akitazama chini.

Mama Birika alikichukua kichupa chake cha chumvi, maana alikuwa amekitoa nyumbani kwake. Jikoni birika kubwa lilikuwa linatokota. Alizima jiko, akamwaga maji yote kwenye karo, akavua aproni na kuitundika kwenye msumari wake. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, ambako wifi alikuwa akimsubiri.

"Na kazi?" wifi aliuliza.

"Nimewapisha."

Walikuwa wamefika getini waliposikia bilauri ikigongwa kule ndani. Ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Kiwiko chake kilishtuka kidogo, kwa mazoea. Akakishika kwa mkono wa pili, wakaendelea kutembea.