Mabakuli ya Bati ya Mama Emérance

Zamani bakuli la bati la Mama Emérance likiingia nyumbani kwako halikurudi kwake tupu, lakini siku hizi watu wanakula kwenye plastiki, wanaitupa, na shukrani wanaitupa humo humo.

Nitalisema hili bila kulipaka asali, kwa kuwa wale waliokula kwake miaka yote wamekwisha kumsahau, na mwaka wenyewe haujaisha.

Mama Emérance ni Mshi, mtu wa kabila la Bashi, kutoka Walungu kwenye milima ya Kivu Kusini. Alikuja Sydney na mumewe Lazare kutoka kambi ya wakimbizi nchini Uganda, wakapanga nyumba ya matofali pale Merrylands, karibu na njia ya treni. Lazare alibeba mizigo kwenye ghala moja upande wa Port Botany, na mimi nilikuwa nikiendesha lori la makontena bandarini. Ndivyo tulivyofahamiana, yeye Mkongomani, mimi Mmeru wa Kenya, Kiswahili kikitushika mikono yote miwili. Lazare alipofariki, mjane wake alibaki peke yake katika nyumba ile. Mtoto wao mmoja, Balagizi, anaishi Toowoomba kule Queensland, mwendo wa siku nzima kwa gari.

Vuli ya huku huingia mwezi wa tatu. Ikifika Pasaka, asubuhi zimeshakuwa na baridi ya kukufanya utafute soksi, na maboga yamejaa madukani. Hapo ndipo Mama Emérance alipoanza kazi yake. Alichemsha boga, akalichuja ndani ya kitambaa mpaka likakauka, maana boga lenye maji huharibu unga, kisha akalikanda pamoja na unga, hamira na iliki, akaacha unga uumuke kando ya jiko, akaukata vipande na kuvikaanga. Mimi niliyaita maandazi, yeye akayaita bitumbura, na hatukuwahi kukubaliana. Tangawizi aliitwanga kwenye kinu. Mashine ya kusaga alikuwa nayo, zawadi ya Balagizi, na alikuwa akiifunika kitambaa kama maiti. Tangawizi iliyotwangwa aliichemsha pamoja na maganda ya nanasi, akailaza usiku kucha, asubuhi akaichuja na kuikamulia ndimu. Ukinywa glasi moja, kikohozi cha vuli kinakuomba radhi.

Kisha mabakuli yalitoka. Alikuwa ameyaokota moja moja kwenye maduka ya mitumba, ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu, na chini ya kila moja alitia tone la rangi nyekundu ya kucha ili lisipotelee kwa watu. Bakuli moja kwa Jerotich, muuguzi Mkalenjin wa mtaa wa pili. Jingine kwangu Doonside, nilikuja kulichukua kwa treni. Mengine kwa Wakongomani, Warundi, hata kwa Mlebanoni wa jirani ambaye hakujua neno la Kiswahili isipokuwa "karibu".

Na kila aliyepokea alijua sheria, maana sheria hiyo tulizaliwa nayo, Meru kama Walungu. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mama yangu angeona haya kurudisha kikombe cha jirani bila hata chumvi kidogo ndani yake. Mama Emérance alichotaka ndani ya bakuli lake ni mbegu za maboga tu, zile ambazo mji huu mzima unazitupa jalalani. Ulikula boga lako, ukaosha mbegu, ukazianika dirishani, ukampelekea.

Kila mwaka, Jumamosi moja baada ya Pasaka, tulikutana kwenye gereji yake kuzimenya. Hakuna namna ya kumenya mbegu za boga peke yako, utazeeka kabla ya kupata kikombe. Zinahitaji mikono mingi na midomo mingi. Zikishamenywa alizitwanga, akachanganya na kitunguu, pilipili na maji kidogo, akafunga kwenye majani ya mgomba aliyopewa na yule Mlebanoni, akapika kwa mvuke. Hiyo ndiyo mbika. Ukiikata inashika kama mkate, na ukiila na kiazi kitamu cha kuchoma hutauliza nyama.

Nakumbuka alivyonichokoza mwaka mmoja mbele ya watu wote.

"Papa Mwiti, weye unamenya mbegu ao unazitafuna?"

"Naonja kama zimekauka, Mama."

"Ameonja tangu asubuhi," Jerotich akadakia, akiwa bado na sare zake za hospitali. "Leo Mzee atarudi Doonside ameota boga tumboni!"

Ndipo Mama Emérance, akicheka na kujifuta machozi kwa upande wa kitenge, aliposema neno ambalo wenzangu walilichukulia mzaha. "Sipiki ili mshibe, batoto bangu. Maduka yapo. Napika ili mrudi."

Hakuwa akitania. Balagizi alikuwa akimpigia simu kila Jumapili na neno lile lile: Mama, hama, uko peke yako huko. Naye alimjibu kila Jumapili: siko peke yangu, nina watu. Mwishowe walikubaliana. Balagizi angekuja kwenye Jumamosi ya mbika ya mwaka huu aone mwenyewe. Akiwakuta watu, angemwacha mama yake akae kwenye nyumba aliyoishi na Lazare. Asipowakuta, Mama angefunga mizigo. Haya aliniambia mimi, akanikataza kuyatangaza. "Mutu anayekuja kwa kuitwa na huruma," alisema, "huyo si mutu wangu."

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Katibu wa jumuiya yetu ya kanisani ni Nicole, binti wa Kikongomani anayefanya kazi ofisini Parramatta. Nicole si mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, tungemkataza. Jumapili moja kabla ya vuli, baada ya ibada, alisimama mbele akiwa na katoni kubwa, akatoa vibakuli vya plastiki vyenye vifuniko, vile vya chakula cha kubeba.

"Mama Emérance anatupikia kila mwaka," alisema, "halafu anaosha vyombo na mgongo unamuuma. Kuanzia mwaka huu atapakia humu. Ukimaliza, unatupa. No stress. Hakuna haja ya kurudisha kitu."

Watu wakapiga makofi. Niliwatazama wale watu wazima, waliozaliwa kwenye nyumba ambazo hata yai likienda kwa jirani lilikwenda ndani ya chombo cha kurudishwa, wakipiga makofi. Nikasimama.

"Binti yangu, bakuli lisiporudi, na mtu hatarudi."

"Mzee, ni bakuli tu," Nicole akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi.

"Mwacheni!" sauti ya Wilondja, dereva wa forklifti, ikatoka nyuma. "Mzee Mwiti anataka kuyaoa yale mabakuli! Mahari ni boga moja!"

Kanisa likaangua kicheko. Nikakaa. Nikamtazama Mama Emérance, nikitumaini atakataa. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri hakatai zawadi mbele ya watu. Aliipokea ile katoni kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Asante, binti yangu. Mungu akubariki."

Vuli ilipofika, alipika kama kawaida. Maandazi yakatoka kwenye plastiki, tangawizi kwenye chupa za plastiki. Mimi nilikataa, nikadai bakuli langu la bati, akanipa, na macho yake yalicheka. Wengine wote wakachukua plastiki zao, wakala, wakatupa.

Na shukrani? Zilikuja kwenye simu. Mioyo myekundu, mikono iliyoshikana, vijisura vya manjano vinavyolamba midomo. Mama Emérance alinionyesha simu yake akiwa ameishika mbali na uso kwa sababu ya macho. "Banashukuru," alisema. "Angalia, mioyo mingi." Kisha akaiweka kifudifudi mezani, akatazama mlango. Siku zile nilizopita kwake sikumkuta mtu. Zamani ungekuta huyu anarudisha bakuli, yule amekaa anakunywa chai, mwingine amekuja na mbegu na mchumba wake aonwe. Mlango ule haukuwa na haja ya kengele.

Nilimkuta Jerotich stesheni, nikamuuliza kwa nini haonekani Merrylands.

"Nilidhani anapumzika, Mzee. Si tulisema tusimsumbue?"

"Ni nani alikwambia wewe ni usumbufu?"

"Mzee, usinikaripie, nimetoka kazini." Na ni kweli alikuwa amechoka, uso umemshuka. Wote wamechoka. Lakini zamani pia walichoka, na bado lile bakuli pale mezani liliwatazama mpaka wakaona aibu wakalirudisha. Plastiki haimtii mtu aibu. Ndiyo maana inapendwa.

Nilitaka kumwambia juu ya Balagizi. Ulimi ulikuwa umefika kwenye meno. Nikakumbuka nilivyokatazwa, nikapanda treni yangu.

Nicole, kwa haki yake, alisikia kwamba mbegu hazijaja. Akamletea Mama pakiti ya dukani, mbegu za kijani zilizomenywa tayari, zimekaangwa na kutiwa chumvi. "Sasa hakuna haja ya kumenya, Mama! Watu hawana haja ya kupoteza Jumamosi nzima." Mama Emérance akamshukuru kwa mikono miwili tena. Pakiti akaiweka kabatini nyuma ya sukari, na sikuiona ikitoka huko.

Jumamosi ikafika. Nilichukua treni ya asubuhi nikiwa na bakuli langu limejaa mbegu za maboga mawili. Mama Emérance alikuwa amepanga viti kwenye gereji kwa duara, amevaa kitenge cha sikukuu. Balagizi alikuwa amefika usiku uliotangulia, mtu mpana, mpole, anayefanana na baba yake hata kwa namna ya kukuna sikio. Tukaketi watu watatu kwenye duara la viti vitupu, tukaanza kumenya.

Saa zikapita. Simu ya Mama ikalia mara kadhaa: samahani Mama, nimepata shifti. Samahani Mama, watoto wana mpira. Enjoy, Mama! Na moyo mwekundu.

"Mama," Balagizi akasema mwishowe, taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mbegu, "batu bako bako wapi?"

"Bako kazini."

"Bote?"

Mama aliendelea kumenya. Nilitaka kufoka, kumwambia yule kijana kwamba watu wapo, wanampenda mama yake, tatizo ni katoni ya plastiki. Ungeyasemaje hayo mtu akakuelewa? Nikachukua mbegu nyingine. Mama alipika mbika ndogo, ya kutosha sahani tatu, na kipande kilichobaki alinipakia kwenye bakuli la bati, akafunika kwa kitambaa. Tuliagana kama kawaida, lakini wote watatu tulijua kwamba mizigo itafungwa.

Siku ya kuondoka ilitangazwa kwenye kikundi cha simu. Nicole aliandika ujumbe mrefu mzuri. Wilondja aliweka kijisura kinacholia. Mimi nilinunua boga, nikala boga kwa wiki nzima mpaka nikalichukia, nikaosha mbegu, nikazianika, nikapanda treni.

Nilikuta gari la Balagizi limeegeshwa mbele ya nyumba, nyuma limejaa hadi kwenye dari. Mama Emérance alikuwa ameketi kiti cha mbele, mkanda umefungwa, mkoba magotini. Kando ya barabara kulikuwa na rundo la vitu vya kuchukuliwa na gari la taka: godoro kuukuu, kiti cha gereji kilichovunjika mguu, na katoni iliyo wazi. Ndani ya katoni yalikuwa mabakuli, yamepandana, ukingo wa buluu juu ya ukingo wa buluu.

Nilikasirika hata salamu nikaisahau. Nikampa bakuli langu kupitia dirishani. Akafunua kitambaa, akachota mbegu, akazisikiliza zikianguka.

"Papa Mwiti, mwaka huu umezikausha vizuri."

"Sikuzionja, Mama."

Akacheka, kile kicheko cha gereji. Kisha akageuka nyuma. "Balagizi, weka hii pamoja na zingine."

Balagizi akakuna sikio. "Mama, mutokari imejaa. Tutanunua zingine kule."

Alimtazama mtoto wake, akatazama barabarani, akaiona ile katoni. Alifungua mkanda, akashuka, akaenda hadi kwenye rundo akainama. Nilikimbilia kumsaidia, akanisukuma kwa bega. Aliibeba katoni mwenyewe, akaketi nayo mapajani badala ya mkoba, na bakuli la mbegu akaliweka juu kabisa. Balagizi akafunga mlango polepole ili usiyaguse.

Hapakuwa na mtu mwingine pale mtaani isipokuwa yule Mlebanoni, amesimama kwenye geti lake na kofia mkononi.

Gari likaondoka. Lilipopita tuta la barabarani mabakuli yalilia yote kwa pamoja, nikaona mkono wa Mama Emérance ukiyatuliza. Kwenye kona lilipunguza mwendo, likapinda, na sikuwaona tena, yeye wala mabakuli yake.