Karter ya Gari ya Baba

Mimi ni mwoga, na ninasema mapema ili mutu asinitafutie ushujaa humu. Mama alikuwa amekimbia mauaji ya Eringeti kwa miguu, akafikia kwa dada yake Beni, na sasa hata kule batu balikuwa banafunga milango jua likiwa bado juu. Nilitaka kumuleta kwangu Butembo, basi. Lakini magoti yake, yaliyoharibika tangu ile safari, hayangeweza pikipiki, na ile wiki madereva ba teksi balikuwa bamekataa njia. Ilibaki gari ya marehemu baba, kizee kilichonizidi miaka, kimelala mutaa wa Bulengera, hapa Butembo, chini ya hema, moteri imekufa.

Fundi alipata moteri ingine, ya kamionete iliyoanguka. Kuiingiza ndani ya gari haikuwa shida. Shida ilikuwa karter, lile bakuli la chuma chini ya moteri lenye kubeba mafuta yake ya kulainisha vyuma. Tumbo lake lilikuwa upande wa nyuma, likagonga chuma cha chasi. Tulizunguka magaraji mpaka tukapata karter ya moteri ya ukoo ule ule, tumbo lake mbele, na tundu za buloni, zile skurubu za kuifungia, zikalingana zote. Kwetu, tundu zikilingana mambo imekwisha. Gari zetu zote zimeshonwa na gari zingine.

Ndani ya ile karter mulikuwa kibati kimoja kimesimama katikati, kuzuia mafuta yasikimbie huku na huku. Kiligusa bomba la kunyonya mafuta, fundi akakikata. Nikauliza kama hakikuwa na kazi. Akanijibu kwamba batu ba viwandani banapenda kujaza vyuma tu. Nilicheka, basi tukafunga buloni.

Kutoka Butembo kwenda Beni njia inashuka zaidi kuliko inavyopanda, na gari ilienda vizuri ajabu. Kwenye vilima vidogo taa nyekundu ya mafuta iliwaka, ikazimika. Nikajiambia ni waya mubovu. Beni nilimukuta mama amekaa mulangoni na kifurushi chake, amevaa viatu tangu asubuhi. Akapanda, akasema Bismillah, tukatoka.

Ule mulima mukubwa wa kwanza, taa iliwaka na haikuzimika. Moteri ikaanza kugonga, tok tok tok, nikasimamisha. Weh. Pande zote mbili majani yalikuwa marefu kuliko gari. Hapana mutu wa kusukuma mizigo na chukudu yake ya mbao, hapana mwanamuke mwenye muhogo, hapana hata mbuzi. Njia ikinyamaza hivyo kwetu, mutu haulizi sababu, anaondoka. Na mimi sikuweza kuondoka. Nilifungua kapo, kifuniko cha moteri, kijiti cha kupimia mafuta kikanianguka mara mbili. Mafuta yalikuwa yamejaa! Mama aliniuliza kama imeharibika. Nikamudanganya kwamba inapumuzika.

Niliiachia gari irudi chini mpaka mahali pa sawasawa, nikawasha: taa ikazimika. Nikapanda tena: ikawaka. Hapo njo nikaelewa, na nikamutukana fundi na ukoo wake wote kimoyomoyo. Gari ikiinua pua, mafuta yalikimbia nyuma sawa mchuzi kwenye sufuria iliyoinama jikoni, na bomba lilibaki mbele linanyonya upepo. Kile kibati njo kingeyazuia. Nikienda hivyo moteri itakufa katikati ya mulima, na mama hatembei.

Nikageuza gari, pua ikaelekea Beni.

“Tunarudi?” mama akauliza.

“Hapana, mama. Tunaenda Butembo. Ila kinyumenyume.”

Aliniangalia kwanza, kisha akajifunga kitenge vizuri. Nikaingiza gia ya kurudi nyuma, nikapinda shingo, tukapanda mulima kwa mugongo. Taa haikuwaka. Shingo iliniuma sana, kila kona nilifikiri nitakuta mutu amesimama pale, na nilikuwa naomba Mungu kwa sauti bila kuona haya.

Juu kabisa palikuwa bariyeri ya baaskari. Sikufikiri bataona nini. Bao baliona gari inakuja na matako, polepole, bila kujionyesha uso. Mumoja akapiga kelele tusimame, nikasikia bunduki inakokiwa. Nikatoa mikono yote miwili dirishani. Kueleza habari ya karter mbele ya bunduki! Ni mama aliyeteremusha kioo chake. Alimwambia kwamba gari ya mutoto wake ni mugonjwa wa tumbo, ikipanda na uso inakufa, na kwamba yeye mwenyewe hawezi kutembea, kwa hiyo kama anataka kutushusha atafute wa kumubeba.

Askari aliinama akatazama chini ya gari, kisha akatazama magoti ya mama. Alikuwa mugeni, wa jimbo lingine, na Kiswahili yake ilikuwa ya shida. Akainua mti wa bariyeri. “Kende malamu, mama,” akasema kwa Lingala yake, twende salama.

Upande wa Butembo njia ilikuwa sawasawa mpaka mulima ungine. Nikashika usukani nigeuze gari, shingo ipumuzike. Mama akaweka mukono wake juu ya wangu.

“Usigeuze bado, papa, mutoto wangu. Siku ya Eringeti nilikimbia bila kugeuza kichwa. Acha niangalie kidogo kama kuna mutu anatufuata.”

Nikaendelea kurudi nyuma, polepole, mahali ambapo hapakuwa na sababu, baaskari banatushangaa. Mama aliinamia kioo cha mbele, macho kwenye njia tuliyoacha. Nyuma ya baaskari ilikuwa tupu mpaka chini. Alipohakikisha hivyo njo akaanza kulia, na mimi nikageuza gari.