Trei za Mama Mdogo

Jumatatu na Jumanne nafundisha ubunifu wa bidhaa katika chuo cha ufundi Nachingwea. Siku zinazobaki niko Ruangwa, kwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho, ambako niliajiriwa kuchora meza za kazi na nikaishia kuunda mashine ya kuchambua. Sijapata kutulia upande wowote. Darasani nawaza kiwanda. Kiwandani naona aibu kwa niliyoyasema darasani.

Mashine yenyewe si kubwa: mkanda, kamera, na kompyuta inayojifunza kwa picha ipi ni korosho nzima nyeupe na ipi imeungua. Lakini haijui lolote mpaka mtu aionyeshe. Meneja alitaka mchambuaji hodari kuliko wote apange trei za mfano. Hodari huyo alikuwa mdogo wake marehemu mama yangu, aliyekaa kwenye meza ya uchambuaji tangu kiwanda kifunguliwe. Meneja hakuficha: mashine ikifaulu, wachambuaji wengi wataondoka.

Nilimweleza mama mdogo hayo yote kabla hajaanza. Akacheka.

“Kwa hiyo huyo mwanafunzi wako anakuja kusoma kwangu, halafu anirithi ningali hai?”

“Mchape kiboko kwanza!” mwenzake akadakia, na meza nzima ikaangua kicheko.

Alipanga trei kwa siku nne. Nilipiga picha, nikaifundisha mashine, na siku ya majaribio ikamwaga korosho safi kwenye pipa la zilizoungua. Meneja alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikarudi kwenye trei, nikazipekua moja baada ya nyingine. Katika zile za zilizoungua, kila safu ilikuwa na korosho moja nyeupe, safi kabisa. Mkono ule haukosei hivyo.

Nilimsubiri amalize swala ya adhuhuri.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba. Umeziona.” Hakuwa anauliza.

“Kwa nini?”

“Msomi mzima, unaniuliza kwa nini?”

Ningeweza kunyamaza. Meneja angeamini kwamba mashine ni mbovu, na meza ingebaki na watu wake walau msimu mmoja zaidi. Ningeweza pia kumtaja. Lakini nimewaambia wanafunzi wangu miaka yote kwamba matokeo ya majaribio hayapindishwi kwa ajili ya mtu yeyote, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu huyo angekuwa na sura. Nikamwambia meneja kwamba trei zina makosa na nitazipanga upya mwenyewe. Hakuuliza makosa ya nani.

Nikavuta kiti mezani. Kuchambua nilijifunza nikiwa na miaka saba, kwa ungo, uani kwa mama mdogo. Mama mdogo akasogeza kiti chake karibu na changu.

“Usikosee,” akasema. “Ukikosea, watasema mimi ndiye niliyekufundisha vibaya.”

Hadi jioni alikuwa ameniondolea korosho tatu tu nilizokosea.

Mashine ilifaulu. Msimu uliofuata vilibaki viti vinne mezani, na chake hakikuwamo. Siku hizi nikishuka stendi ya Ruangwa sipitii kwake kwanza kama zamani. Nampigia simu nikiwa tayari ndani ya basi la kurudi Nachingwea.