Rangi ya Magome Kwenye Spika ya Fofie

Shemeji yangu Kwaku Fofie alikuwa fundi spika pale Suame, mtaa wa mafundi, na mji mzima wa Kumasi hakukuwa na msiba wa maana uliolia bila spika zake. Siku mdogo wangu Yaa Serwaa anakata roho, mumewe huyo alikuwa kwenye mazishi ya watu wengine, anapiga muziki. Yaa alikuwa peke yake na redio kaseti kando ya kitanda. Akajirekodi. Mwanzo unasikika vizuri: kuku wafungiwe, kitenge kiko kwa dobi. Baada ya hapo ni pumzi, na chini ya pumzi kuna neno lisiloshikika.

Kwetu anayeondoka hutiliwa maji mdomoni. Asiyetiliwa huenda na kiu, na kiu hiyo hubaki nyumbani. Fofie alitaka kujua jambo moja tu: mkewe alipewa maji na yeyote, au hakupewa?

Basi akaanza kupaka spika, ili neno lile lisikike. Ile karatasi ya spika, iliyo kama bakuli, akaipaka ute wa yai; sauti ikawa kali kama bati. Akajaribu utomvu wa mpira, ikavimbiwa. Akaja na vanishi, akaja na wanga wa muhogo. Anapaka, anaanika, anasikiliza, anang'oa karatasi, anaweka nyingine.

"Shemeji, hiyo ni spika au bibi harusi?" nikamuuliza.

"Chemsha rangi zako, shemeji, niache na zangu."

"Zako hazishiki hata nzi."

Nikampelekea kikopo cha rangi yangu ya magome, ninayopigia chapa nguo za msiba. Miaka arobaini naipika, haijaniaibisha. Akapaka mara tatu.

Jua likiwa utosini, akaweka kaseti. Yaa hakuwa ndani ya spika, alikuwa nasi chumbani. Nilisikia shuka ikisuguana. Nilisikia ulimi ukibanduka kwenye kaakaa kavu.

"Maji."

Halafu: "Dada, maji."

Dada ni mimi. Asubuhi ile alinitumia mtu, nikajibu kwamba chungu cha rangi hakiachwi motoni.

Fofie alinyoosha mkono azime. Nikaushika.

"Mpe maji."

"Shemeji, ile ni karatasi. Itachanika."

"Anayeomba ni nani? Lete bilauri."

Nikammiminia mwenyewe, polepole, kwenye bakuli lile jeusi. Nikasema, "Yaa, pokea, unywe, uende bila kinyongo." Maji yakaingia yote. Fofie akapiga magoti, akapapasa chini ya spika, akapapasa nyuma. Pakavu.

Kisha kikasikika kitu kimoja: mtu anameza.

Kaseti ile haikutoa tena hata pumzi, na Fofie hakupaka tena spika yoyote. Mafundi wa Suame husema bibi mmoja mjinga alimwagia spika maji ikafa. Waseme. Wao hawakumsikia akimeza.